Finjani Iliyowekwa Chini

Kinyozi wa mtaani kwetu, Unguja, aliwahi kuning'oa jino zima akaliacha bovu pale pale. Sikuwa mtoto. Masharubu nilikuwa nayo, na nilikwisha kuposa mara moja nikakataliwa, lakini hayo ya kukataliwa yana siku yake. Kinyozi huyo alikuwa akinyoa, akiwatoa watu damu kwa chuku, na meno aking'oa kwa koleo moja ambalo mpini wake ameuzungushia kitambaa. Akavuta. Nikasikia kitu kinakatika mpaka ndani ya sikio, akanionyesha jino jeupe kama punje ya hindi. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kutoka jasho.

Nikakimbia nyumbani nimeshika shavu. Shangazi yangu aliyenilea alikuwa akiuza kahawa na kashata mlangoni kwake, mwanamke mkali, sauti yake ikisikika mpaka mtaa wa pili. Nikasema leo kinyozi atapigwa kwa mchi. Hata sijamaliza kueleza, kinyozi mwenyewe akatokea mbio, jino langu kalikunja karatasini, anataka radhi. Shangazi akamtazama, akamtazama tena, akamwambia keti. Akammiminia kahawa. Yule mtu kwa aibu akakishika kikombe tu, hanywi.

Shangazi akanigeukia mimi. "Huoni kahawa ya mgeni imepoa? Mwaga, mtilie ya moto."

"Shangazi, huyu kaning'oa jino zima!"

"Nimesikia. Jino halitorudi. Kahawa inapoa."

Basi na damu yangu mdomoni nikaichukua ile kahawa nikaimwaga, nikamtilia nyengine, na kinyozi akanywa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile: mgeni hakai na kikombe kilichopoa, awe nani, awe kafanya nini. Nilikaa na shangazi miaka mingi kwenye kazi hiyo, na mkono wangu ukazoea. Hata nikisinzia, jicho moja liko kwenye vikombe vya watu. Shuleni sikufika mbali, darasa la pili likanishinda, lakini hilo la vikombe nilihitimu.

Mke wangu hakipendi kisa cha jino. Nilipomwambia nnaandika khabari ya mjumbe na kisima, akachungulia kwenye daftari akasema, "Watu wanataka khabari za Baraza, weye unawapa meno." Nikamwambia, nnakuja, nnakuja. Mimi siwezi kuingia nyumba za watu kwa dirishani, lazima nipite mlangoni, na mlango wenyewe ndio huo.

Nilikuja Maskati miaka ya sabini, na sanduku moja na anwani ya binamu wa marehemu baba ambaye nilipofika nilimkuta kahamia Salala. Nilibeba mizigo Matrah, nikauza vitambaa kwenye duka la mtu, nikajifunza kuendesha gari. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji. Watu wa pale wakinicheka: uso wa Kiarabu, jina la Kiarabu, mdomo ukifunguka anatoka Mswahili. Nikaoa mtu wa kwetu, tukapata nyumba ya vyumba viwili Hail, karibu na bahari, wakati ule Hail ni mchanga na mashamba, majumba haya makubwa hayajaja.

Jirani yetu alikuwa mzee mwenye shamba la mitende na mindimu. Mtu wa pale pale, baba yake na babu yake wamezikwa nyuma ya shamba lile, na Afrika yeye hajawahi kuitia mguu. Nilikuwa nikimwita Ami, na yeye alikuwa akiniita "wewe wa Zanjibari", hata nikiwa peke yangu mbele yake, kama kwamba wako wengine. Siku ya kwanza tulipohamia alituletea ndoo mbili za maji ya kisima chake. Akaniambia maji ya gari yale ya serikali ni ya kuogea, haya ndiyo ya kunywa. Na kweli, nimekunywa maji mengi duniani, matamu kama yale sijayaona. Tokea siku hiyo chai yetu ilikuwa ya maji ya Ami, na mke wangu alikuwa na njia yake kwenye ukuta wa makuti ya kuendea kisimani bila ya kubisha hodi.

Sasa mjumbe. Mjumbe alikuwa mtu wa mtaa wetu kule Unguja, nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi. Amekunywa kahawa yangu huyo kabla hajaota ndevu. Yeye alikwenda nje kusoma, akaja Maskati na vyeti vyake, akapata kazi kubwa, na miaka ya tisini akachaguliwa kuingia Barazani, lile baraza la mashauri ambalo wajumbe wake wanatoka kila wilaya na kazi yao ni kupeleka maneno ya watu kwa mawaziri. Aliponiona kwenye harusi moja alinikumbatia mbele ya watu wote. "Huyu ndugu yangu!" Wiki ile ile nikawa dereva wake.

Nilimpenda mtu yule. Nalisema wazi, maana mengine yanayokuja utadhani nilikuwa nikimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda. Garini alikuwa akiongea nami Kiswahili cha kwetu, anatania, anaimba, ananiuliza unamkumbuka fulani aliyekuwa akiuza urojo. Siku za vikao nilikuwa nikimshusha mlangoni, kisha nakwenda kukaa na madereva wenzangu kwenye banda la magari. Sisi tulikuwa na baraza letu. Tukipiga kura kwa kunyoosha mikono nani aende kununua sambusa, na dereva mmoja wa kutoka Sur, mtu mwenye tumbo, kila siku anachaguliwa na kila siku anapinga matokeo. Alikuwa akisema, "Hii ni njama! Mumekaa mumepanga!" Tukicheka mpaka wajumbe wanatoka.

Halafu macho yangu yakaingia ukungu, nikakwangua ukuta wa watu mara mbili, na mjumbe akasema basi, gari nipe ufunguo, wewe njoo ukae sablani kwangu utie kahawa. Sabla ndiyo chumba kikubwa cha wanaume cha kupokea wageni, zulia kutoka ukuta mpaka ukuta, mito pembeni, na mtu mmoja anazunguka na dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia. Mtu huyo nikawa mimi. Nikajifunza kwamba finjani inatiwa kidogo, tone la chini, si kujaza kama kwetu. Nikajifunza kwamba mgeni akiitikisa imetosha. Nikafikiri hayo ndiyo yote.

Sasa maji.

Mke wangu ndiye aliyejua mwanzo, wala si kwa kuonja. Maziwa yalikatika ndani ya chai. Akamlaumu mwenye duka. Akabadilisha maziwa, yakakatika. Akaosha sufuria kwa majivu, yakakatika. Siku ya nne akaniita jikoni, ananionyesha chai imefanya mabongemabonge kama mtindi, akasema, "Si maziwa. Ni maji ya Ami." Nikaonja maji matupu. Chumvi ilikuwa mbali sana, nyuma kabisa ya ulimi, lakini ilikuwepo. Unajua mtu anapokwambia fulani yule mzima wa jana amefariki? Ndivyo nilivyokuwa, nimesimama na kikombe jikoni.

Ami alikuwa anajua siku nyingi, kaficha. Alinipeleka akanionyesha mindimu: majani yameungua kingoni, kama mtu kapita na kiberiti. Sabuni haitoki povu. Akaniambia bahari inaingia chini kwa chini. Mimi nikacheka, nikadhani anasema kwa mfano. Hakuwa akisema mfano. Kule juu, upande wa milimani, pamefunguliwa shamba kubwa la majani ya mifugo, mashine zinavuta maji usiku na mchana, visima virefu kuliko minara. Yale majani yanapakiwa malori kwa malori yanauzwa mbali. Maji matamu yakivutwa huko, huku pwani panabaki patupu, na bahari haikubali patupu. Inaingia. Nilipoelewa nilikaa chini. Mtu anakata majani milimani, mimi chai yangu inakatika Hail!

Na sheria ilikuwepo. Visima vipya vilikuwa na masharti yake, kibali na karatasi zake, Ami mwenyewe alikatazwa kuchimba chake kirefu zaidi hata kwa futi moja. Hivyo watu wa mashamba ya pwani walikuwa wanataka kitu kimoja tu: mjumbe wao asimame Barazani, siku waziri anapokuja kuulizwa na televisheni inaonyesha, aulize vibali vya shamba lile katoa nani na visima vile vitafungwa lini. Na mjumbe wao ni nani? Ndugu yangu. Tena yumo kwenye kamati inayoangalia mambo hayo hayo ya maji na mazingira. Nikamwambia Ami, wewe una bahati, njoo, mimi mwenyewe natia kahawa pale.

Nieleze na hili la kura, maana vijana wa sasa hawalijui. Siku hizo hakupiga kura kila mtu. Wakubwa wa wilaya waliwateua watu, wazee, wafanyabiashara, wenye elimu, na hao ndio waliokwenda kuchagua. Baadaye tukapewa sote, mimi nikapewa na mke wangu akapewa. Lakini wakati huo wenye kura walikuwa wachache, na Ami alikuwa mmoja wao, na wazee wenziwe wa mashamba sita au saba wengine. Na walikuwa na mtu wao, mwalimu mmoja, mpwa wa Ami, anayeijua khabari ya visima kwa kina na hesabu zake, anataka kusimama dhidi ya mjumbe kwenye uchaguzi uliokuwa unakuja. Wazee wakasema kwanza twende kwa mjumbe. Akikubali kuuliza, tunampa kura na mwalimu anakaa pembeni. Asipokubali, tunamsimamisha mwalimu.

Wakaja siku ya Ijumaa baada ya sala, wazee wanane, kanzu safi, vilemba vya sherehe, na Ami mbele. Mjumbe akawapokea vizuri sana. Tende, halwa, khabari za watoto, khabari za mvua. Mimi nikazunguka na dele. Nilipofika kwa Ami alipokea finjani, akanitazama kidogo usoni, kisha akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya goti lake. Hakunywa.

Wazee wengine nao wakashika zao mikononi, hawanywi. Ami akaanza kusema. Akasema yale ya kisima, ya mindimu, ya shamba la juu, akamaliza kwa kusema wamekuja na haja moja. Mjumbe akawa anaitikia kwa kichwa, anashika ndevu, anazungumza mambo ya kamati na mapendekezo na taratibu. Maneno mengi. Mimi nilikuwa sisikii tena, maana jicho langu liko kwenye finjani. Imepoa. Mvuke umeisha. Mgeni, tena jirani yangu, mzee wa watu, amewekewa kahawa baridi kwenye sabla ninayoihudumia mimi. Lakini sikuthubutu, watu wanazungumza.

Hapo mjumbe akanigeukia, anatabasamu, akasema kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa, "Mbadilishie mzee. Imepoa hiyo."

Ah! Nikaona ndiyo ndugu yangu huyu, malezi ni mamoja. Nikainama haraka, nikaichukua finjani iliyokuwa chini, nikaimwaga kwenye bakuli, nikatia ya moto, nikampa Ami mkononi kwa adabu zote. Ami akanitazama. Akamtazama mjumbe. Mjumbe akaitikia kwa kichwa, anatabasamu vile vile. Uso wa yule mzee ukafunguka, sijawahi kuuona umefunguka vile. Akanywa. Na wazee wote saba wakanywa kwa mara moja, kama waliohesabiwa moja mbili tatu, wakaanza kumwombea dua mjumbe. Mimi nikasema moyoni: tazama, kahawa ya moto inavyofurahisha watu.

Wallahi hivyo ndivyo nilivyosema moyoni.

Uchaguzi ukaja, mwalimu hakusimama, mjumbe akarudi Barazani. Ami alituletea kikapu cha ndimu, zile za mwisho mwisho, ndogo na ngumu. Na siku ya waziri ikafika. Tulikuwa tumekaa kwa Ami, wazee wote, televisheni imewekwa juu ya kreti uani na waya umevutwa kutoka ndani, alasiri, jua linatupiga machoni na picha haionekani vizuri. Mimi nilipewa ruhusa siku hiyo. Mke wangu na wanawake wako nyuma ya pazia. Wajumbe wakauliza mmoja mmoja. Mmoja akauliza habari ya takataka zinazotupwa kwenye mabonde makavu, mmoja habari ya moshi wa kiwanda, na walisimama wakauliza kweli, waziri akajibu. Nikawa najivuna, nasema hili ndilo Baraza letu. Kisha akaitwa wetu.

Ami akasema, "Nyamazeni."

Ndugu yangu akasimama, kanzu nyeupe, karatasi mkononi. Akamshukuru waziri. Akauliza ni lini barabara ya kwetu itapandwa miti na maua ya kupendezesha mji. Akakaa.

Nilidhani bado, nilidhani anapumua tu, atainuka tena. Akaitwa mjumbe mwengine. Mzee mmoja akauliza, "Kauliza maua?" Nyuma ya pazia nikamsikia mke wangu anasema kwa Kiswahili, polepole, "Maua? Atayamwagilia kwa maji gani?"

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila ya kuagana. Nikabaki mimi na Ami na ile televisheni. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi.

"Wewe uliniondolea finjani yangu," akasema.

"Ilikuwa imepoa, Ami."

"Najua imepoa. Niliiweka ipoe."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kwa Kiarabu chepesi, kama unavyomweleza mgeni. Mtu akija na haja kubwa, anaiweka kahawa chini, hanywi. Mwenye nyumba akiona anajua. Akimwambia kunywa, haja yako imekubaliwa, basi neno limefungwa, halivunjwi, watu wamepatana kwa finjani mambo ya damu na hawakuvunja. Akikataa, mgeni anainuka na kahawa yake pale pale chini, na kila mtu anajua kakataliwa. Na finjani iliyowekwa chini haiguswi na mtu. Haiguswi na mtu, akasema tena. Mwenye nyumba akiamrisha ibadilishwe, mgeni akapewa ya moto mkononi, amejibiwa, hakuna jibu kubwa kuliko hilo.

"Nilikuona wewe umeinama ukaichukua. Nikamtazama yeye, akaitikia kwa kichwa. Nikanywa. Tumekunywa sote. Tukamwambia mwalimu akae nyumbani."

Miaka ishirini na zaidi nimo katika nchi hii, nasema mimi ni mtu wa hapa, kitambulisho ninacho, na jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua mimi silijui. Kwetu kikombe kikipoa kinabadilishwa. Basi. Nikawa namwambia, Ami, sikujua, naapa sikujua, mimi nilidhani ni adabu. Akasema, "Wewe hukujua. Najua hukujua." Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiri. "Alikwambia nini, pale, kwa lugha yenu?"

Nikajibu, aliniambia nikubadilishie, imepoa.

Ami akaitikia kwa kichwa muda mrefu. Akainuka akaenda kuizima televisheni.

Nilifika nyumbani, mke wangu keshayasikia yote kupitia pazia. Mimi bado natafuta njia. Nikamwambia huenda naye hakujua, ni mtoto wa Unguja kama mimi, shangazi mmoja ametufundisha. Mke wangu akaniangalia. "Hajui? Mtu kasoma, kaoa kwa watu wa Nizwa, miaka mingapi anakaa na masheikh, hajui? Na kwa nini alikwambia kwa Kiswahili? Siku zote mbele ya wageni anakuamrisha kwa lugha gani?"

Kiarabu. Mbele ya wageni alikuwa akiniambia kwa Kiarabu, kahawa, tende, ondoa sahani. Kila siku. Siku ile tu ndiyo alisema kwa Kiswahili. Nikakaa kitandani. Ule ulimi niliokuwa nikiuona kama godoro la nyumbani, ukinijia masikioni mwili unapumzika, ndio aliotumia, kwa sababu alijua nikisikia Kiswahili nitakimbia bila kuuliza, na wale wazee hawatosikia alichosema.

Nilirudi kazini. Ndiyo, nilirudi, siku kadhaa, sijifichi. Nilikuwa namtazama. Nikawa nangojea aseme mwenyewe, na alikuwa mchangamfu kama zamani, ananitania. Kisha alasiri moja kuna wageni watatu wanne, Waarabu wa bara ya huko wamekuja kwa mambo yao mengine, nikasogea kumtilia kahawa, nikamwambia kwa Kiswahili, karibu na sikio, "Shekhe, wale wazee wa kwetu walikunywa wakidhani umewapa neno."

Hakushtuka. Ningependa kuandika kwamba alishtuka. Alipokea finjani akanywa.

"Mimi nilifungua mdomo? Nimewaambia kunyweni?"

"Uliniamrisha nibadilishe."

"Nilikuamrisha ubadilishe kahawa, bwana. Kahawa." Akacheka, wageni wakamtazama nao wakatabasamu kwa kumfuata. "Nani duniani anachukua ahadi kwa mtia kahawa?"

"Lile shamba la juu ni la nani, Shekhe?"

Nililiuliza tu, lilinitoka. Akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile, kweli kweli.

"La mkwe wangu. Nusu langu. Kwani siri? Lori la majani linakuja hapa kila wiki kwa mbuzi wangu, huwa unalifungulia geti wewe mwenyewe."

Na kweli. Nilikuwa nikilifungulia mimi. Nilikuwa nikimpa dereva maji ya baridi. Sikuwahi kuuliza majani yale yanatoka wapi, majani ni majani. Nilisimama pale na dele mkononi, limeinama, kahawa inadondoka kwenye zulia lake na mimi naiona inadondoka.

Akalainisha sauti. Akawa tena ndugu yangu, yule wa garini. "Sikiliza. Hawa wazee watanisumbua mpaka uchaguzi mwengine. Wewe nenda kwa yule jirani yako, mwambie kosa lilikuwa lako. Mwambie mimi sikukwambia chochote, wewe mwenyewe uliona imepoa ukabadilisha. Watakuamini. Watasema huyu mtu wa Zanjibari, hajui mila. Watakusamehe, na mambo yataisha. Eh, kipenzi?"

Wageni walikuwa wanatusikiliza wanatabasamu kwa heshima, kama watu wanavyofanya wenyeji wakizungumza lugha wasiyoijua. Mmoja aliinua finjani yake kunionyesha ni tupu. Nikaitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mkono wangu haukwenda.

Nikaliweka dele chini pale pale kwenye zulia, mbele ya goti lake. Nikapita mlangoni, nikavaa ndara zangu, nikamsikia ananiita, kwanza kwa jina kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa Kiarabu tena. Nikafungua geti, nikatoka, nikafuata barabara ya Hail kwa miguu. Pale sikurudi tena.